Randa ya Babu Si Chuma Chakavu

"Fundi, hivi kweli milango ya nyumba yangu utaitengeneza kwa hiyo takataka?"

Aliyeniuliza hivyo ni mteja, mtu mzima na mstaarabu, aliyekuja karakanani kutazama mbao za mninga alizokwisha kuzilipia. Macho yake yaliiangukia randa iliyokuwa juu ya benchi: randa ya chuma, urefu inchi 14, rangi nyeusi imebanduka ubavuni, na mpini wa nyuma nimeuchonga mwenyewe, kwa hiyo haufanani na kishikio cha mbele. Sikumjibu. Nilibana ubao, nikapitisha randa mara moja toka mwanzo hadi mwisho. Ukatoka utepe mmoja wa mninga, mwembamba kiasi kwamba ukiulaza juu ya gazeti unasoma herufi zilizo chini yake. Ubao ukabaki unang'aa bila kuguswa na msasa. Mteja akaupapasa kwa kiganja, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Sawa, nimeona. Lakini nunua mpya, bwana. Hii inakushushia hadhi."

Hadhi. Tangu siku ile neno hilo halijanitoka, kwa sababu mteja yule hasemi lake peke yake. Anasema linalosemwa na wenye maduka, na wazazi wanaowanunulia vijana vifaa vya kwanza, na mafundi wenzangu wengi ambao wangetakiwa kujua zaidi. Wote wanakubaliana kwamba kifaa cha mtumba ni cha mtu aliyekosa, kwamba kutu ni kifo cha chuma, na kwamba fundi anayejiheshimu anafungua boksi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi tumekiona kinyemi tu, kidonda tumekifumbia macho.

Ninachosema mimi ni hiki: kifaa cha ufundi hakipimwi kwa tarehe ya risiti. Kinapimwa kwa swali moja. Kikichoka, je, fundi anayekitumia anaweza kukirudisha kazini kwa mikono yake? Ukiviuliza swali hilo randa, patasi, misumeno na majiliwa vilivyotoka Sheffield kule Uingereza, au New Britain kule Marekani, kabla ya miaka ya 1960, vingi vitakujibu ndiyo. Ukiviuliza vingi vya bei ya chini vinavyojaza maduka yetu leo, vitakujibu hapana. Na anayelipia hiyo hapana ni fundi mwenye kipato kidogo, kila baada ya miezi michache, maisha yake yote.

Chukua msumeno, maana hapo jambo lenyewe linaonekana kwa macho. Ingia duka lolote la vifaa vya ujenzi, omba msumeno wa mkono, utazame ncha za meno. Zikiwa nyeusi au samawati iliyokoza, meno hayo yamegumishwa kiwandani kwa joto la umeme, mstari mwembamba wa nchani tu. Yanakata vizuri, na makali yake yanadumu. Sifa hiyo siwezi kuyanyima. Lakini siku yakiisha, yameisha. Tupa inateleza juu yake kama juu ya kigae, na ukilazimisha, jino ndilo linaloila tupa. Msumeno mzima, bati lake zima na mpini wake mzima, unakwenda jalalani kwa sababu ya milimita moja ya makali. Sasa chukua msumeno wa zamani wa Disston wa Philadelphia, au Spear & Jackson wa Sheffield. Ukiwa butu, unaubana katikati ya vipande viwili vya mbao, unapita na tupa ya pembe tatu jino kwa jino, unapinda moja kulia na moja kushoto, na kabla ya chai ya saa nne umerudi kazini. Mimi ninao Disston mmoja ulionolewa mara nyingi mno, hadi upana wake kwenye ncha umepungua, na bado unapasua mkongo. Ile sarafu ya shaba iliyopigiliwa kwenye mpini ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, kwa kuwa maandishi yake yalibadilishwa kipindi hadi kipindi. Familia ya Disston iliuza kampuni mwaka 1955, na msumeno wangu ni wa kabla ya hapo.

Nikisema hivi naambiwa nasifu ukale kwa sababu tu ni ukale. Sababu yangu ni ya kibiashara. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20, mnunuzi mkubwa wa randa alikuwa seremala wa kulipwa, mtu aliyekula kwa randa hiyo. Akiuziwa mbovu, kesho mtaa mzima wa maseremala unajua. Kampuni ya Stanley ya New Britain ilipoinunua biashara ya Leonard Bailey mwaka 1869 ilinunua pamoja nayo muundo wa randa ya chuma yenye gurudumu la kupandisha na kushusha kisu, na ikaendelea kuurekebisha kwa miongo kadhaa. Baadhi ya randa hizo zina tarehe tatu za hataza zilizomiminwa kwenye chuma chenyewe, nyuma ya kiti cha kisu: mbili za mwaka 1902 na moja ya 1910. Nilipoziona kwa mara ya kwanza zikijitokeza chini ya kutu nilikaa kitako.

Kisha soko likabadilika. Mwaka 1917 Black & Decker walipata hataza ya keekee ya umeme yenye mshiko wa bastola, na baada ya Vita Vikuu vya Pili mashine za umeme zikachukua sehemu kubwa ya kazi ya seremala wa Ulaya na Marekani. Aliyebaki kununua randa ya mkono ni mwenye nyumba anayerekebisha mlango Jumamosi moja kwa mwaka. Mtu huyo hahitaji chuma kinachokaa na makali siku nzima, anahitaji bei ndogo. Viwanda vikamsikiliza. Mpini wa mbao ngumu ukawa plastiki, vipande vya chuma cha kumimina vikawa bati lililokunjwa, uso uliokuwa ukisawazishwa kwa uangalifu ukapitishwa harakaharaka. Majina yakabaki yale yale kwenye boksi. Ndiyo maana seremala wa Keko, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, anayeshika randa saa nane kwa siku leo anauziwa kifaa kilichokusudiwa mtu wa Jumamosi moja.

Anayedhani nazua amtazame mtengenezaji wa randa Thomas Lie-Nielsen. Alianza kazi hiyo mwaka 1981 katika jimbo la Maine, Marekani, na randa zake zinahesabiwa miongoni mwa bora zaidi zinazotengenezwa leo duniani. Alifanya nini? Alirudi kwenye miundo ya zamani ya Stanley, ule ulioitwa Bed Rock ukiwemo, akaitengeneza tena kwa chuma kizuri. Moja inauzwa kwa mamia ya dola. Kwa hiyo kipya kilicho bora kipo, na ni nakala ya kile cha zamani ambacho sisi tunakiita takataka. Mwenye mamia ya dola anunue, sina ugomvi naye. Sisi wengine tunakikuta kile cha zamani mtaani Gerezani, Dar es Salaam, kimelala katikati ya mabomba na gia, kwa bei ya chakula cha siku mbili.

Hapo ndipo ninapotupiwa methali: mchagua jembe si mkulima. Kwamba fundi hodari hufanya kazi kwa chochote, na anayelalamikia vifaa anaficha uvivu. Methali hii naiheshimu, lakini inatumiwa mahali pasipo pake. Wahenga walimsema yule anayesimama pembeni mwa shamba akibagua majembe huku wenzake wanalima. Hawakusema mkulima aende shambani na jembe la bati. Niliwahi kuwa na kijana wa kujifunza kazi, mwenye bidii kuliko wote niliowahi kuwapokea. Alijinunulia randa mpya, inang'aa, yenye stika. Mtengenezaji simtaji. Tulipoweka rula ya chuma kwenye kitako cha randa ile, mwanga ulipita katikati: kulikuwa na bonde. Kisu alikinoa asubuhi, adhuhuri kimelala. Wiki ya tatu uzi wa skrubu ya kurekebishia ukaliwa. Na kwa wiki zote hizo kijana alikuwa ananiambia, "Mzee, nadhani mimi mkono wangu ni mzito." Hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha. Kifaa kibovu kinamfundisha mwanafunzi kujidharau, na anaacha ufundi akiamini hakuzaliwa nao. Nilimpa randa yangu ya zamani, akapiga mara tatu, akacheka peke yake. Mkono ulikuwa ule ule.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la heshima ya nchi. Tumechoka kuwa jalala la Ulaya, wanasema, na mjadala wa nguo za mitumba umewapa maneno: Afrika Mashariki ilipojaribu kuzizuia, Rwanda iliposhikilia msimamo wake, Marekani iliisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru. Hasira hiyo ninaielewa na ninaishiriki. Kompyuta mfu zinazoletwa zichomwe ili ipatikane shaba ni takataka, na zirudishwe zilikotoka. Lakini tusipime vyote kwa mizani moja. Jiliwa la Record la Sheffield likioshwa na kupakwa mafuta lina miaka mingine 50 ya kazi mbele yake, na linamsaidia fundi wa hapa kuzalisha vitu vya hapa. Kule Uingereza yapo mashirika ya hisani, kama Workaid la Chesham na Tools With a Mission la Ipswich, ambako watu wa kujitolea hukaa wakisafisha na kunoa vifaa vya zamani kabla ya kuvisafirisha kuja Afrika. Mtu hanoi takataka. Na jambo jingine: vingi vya vifaa ninavyovizungumzia havikuletwa juzi kwa kontena. Vilikuja na karakana za reli, na mashamba ya mkonge, na misheni, na shule za ufundi. Viko hapa tangu kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ni mali ya hapa.

Mbona cherehani hatuisemi hivyo? Nenda kwa fundi nguo yeyote mwenye Singer nyeusi ya miguu, mwambie ni takataka ya Ulaya, uone atakavyokutazama. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilifungwa mwaka 1980, na mashine zake zingali zinashona sare za shule vibarazani. Bibi akimwachia mjukuu cherehani, amemwachia urithi. Babu akimwachia mjukuu randa, amemwachia chuma. Tofauti hii sijawahi kumwona mtu akiieleza kwa hoja.

"Lakini muda, fundi. Muda ni mali. Utakaa unasugua kutu mpaka lini?" Hili nalijibu kwa kueleza nilivyofanya kwa randa ile ile aliyoikataa mteja, maana wengi wanaosema kutu ni kazi hawajawahi kuiondoa.

Niliipata kwenye lundo, imegandana kuwa kipande kimoja. Kisu, chuma cha juu yake na skrubu vilikuwa vimeshikana hata nyundo haikusaidia. Kwanza niliilaza usiku kucha kwenye mafuta ya taa, asubuhi skrubu zikalegea kwa mkono. Nikaifungua yote. Jioni nikachukua beseni la plastiki, maji, na magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Ndani ya maji nikatumbukiza kipande cha nondo upande mmoja na mwili wa randa upande wa pili, visigusane. Waya chanya wa chaja ya betri ya gari kwenye nondo, waya hasi kwenye randa. Ukigeuza waya, randa yako ndiyo italika, kwa hiyo angalia mara mbili. Kazi hii fanyia nje, kwa sababu povu linalopanda linatoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na nondo isibadilishwe na chuma kisichoshika kutu, kama kijiko au sufuria ya chuma cheupe, maana hicho hutoa sumu kwenye maji. Nikaenda kulala. Asubuhi nondo ilikuwa imevaa uchafu wote, na randa imebaki na ngozi nyeusi inayotoka kwa brashi na maji. Kazi ilifanyika nimelala. Asiye na chaja atumie siki, au maji ya ndimu, au ukwaju. Asiisahau humo siku tatu, asidi ikimaliza kutu inageukia chuma.

Kilichobaki ni saa nne au tano za mikono. Nilibandika msasa juu ya kioo cha dirisha, nikakisugua kitako mpaka mistari ya kalamu niliyoichora ikafutika yote kwa pamoja. Kisu nikakilaza mgongo mpaka ukawa kioo, nikakikata nyuzi 25, nikamalizia makali kwa nyuzi 30 juu ya jiwe. Mpini uliovunjika nikauchonga upya kwa kipande cha mninga. Tone la mafuta ya cherehani kila kwenye uzi. Basi. Na huyo anayeniambia muda, nimkumbushe kwamba randa mpya ya bei ndogo nayo haiji na makali. Kitako chake utakisugua vile vile, kisu utakinoa vile vile, na mwisho wa jasho lako unabaki na chuma laini. Kama jasho litatoka kwa vyovyote, litoke juu ya chuma kilichopikwa vizuri.

Vipuri vipo pia, tofauti na watu wanavyodhani. Kisu cha upana wa inchi 2 kinaingia kwenye randa namba 4 na namba 5, na muundo wa Stanley na wa Record unafuatana kwa karibu, hivyo mwili wa namba 5 wa miaka ya 1920 mara nyingi unapokea kisu cha miaka ya 1960 bila ugomvi. Mlinganishe na mwenye keekee ya betri ya aina iliyoachwa kutengenezwa: betri ikifa, mashine nzima imekufa, hata kama mota yake ni nzima. Simaanishi mashine za umeme hazina kazi. Ninazo na ninazitumia kupasua na kusawazisha mbao ngumu. Ila mgao wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 ulipotukalisha, waliomaliza kazi za wateja kwa wakati mtaani kwetu ni wale wenye kifaa cha mkono chenye makali.

Si kila cha zamani nakitetea, na nikikitetea kwa kuficha kasoro zake nitakuwa namdanganya msomaji. Mwili wa randa ukiwa na ufa, hasa kwenye mdomo kinapotokea kisu, uache. Utundike kwenye kidole, uugonge kwa bisibisi: mzima unalia kama kengele, wenye ufa unatoa sauti ya mkebe. Kisu chenye mashimo ya kutu karibu na makali hakitakaa sawa hadi uyanoe yote yaishe. Msumeno uliopinda kama upinde unanyooshwa na mtu mmoja kati ya mia. Na rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi. Usiikwangue kavu, ilowanishe, na watoto wakae mbali. Haya ndiyo mambo ya kuangalia. Kutu ya juu, vumbi na mpini uliovunjika si miongoni mwake, ingawa ndivyo vinavyomkimbiza mnunuzi, na ndivyo vinavyoishusha bei.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike kwa uchungu. Mjomba wangu alikuwa seremala. Alipofariki nilikuwa safarini. Niliporudi nikaulizia sanduku lake, lile la mbao lenye bawaba za shaba alilokuwa akilifunga kwa kufuli hata akienda msikitini. Shangazi akaniambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, yale machuma tulimwita kijana wa vyuma chakavu akayapima." Yalipimwa kwa kilo: randa tatu, patasi za seti, keekee ya mkono, majiliwa mawili. Fedha iliyopatikana ilinunua sukari na mchele wa arobaini. Shangazi simlaumu hata kidogo. Alifanya kile ambacho sote tumemwambia kwa miaka yote, kwamba kikuukuu chenye kutu hakina thamani isipokuwa uzito wake. Vitu vile viliyeyushwa, na mwezi huo huo kijana mmoja wa mtaa ule ule, anayeanza useremala, alikopa kununua randa ya stika.

Kwa hiyo naomba, wewe unayesoma. Iko nyumba unayoijua ambamo kuna sanduku la fundi aliyekwisha kufa: chini ya kitanda, stoo, nyuma ya banda la kuku. Kabla mwenye mizani hajapita, lifungue. Vitoe kimoja kimoja, uvifute kwa kitambaa chenye mafuta, utafute jina lililogongwa kwenye chuma. Kama huna kazi navyo, mtafute kijana anayejifunza na umpe, au muuzie kwa bei ya kifaa, si ya kilo. Na kama wewe ndiye mwenye mizani, ukikuta jiliwa ambalo skrubu yake bado inazunguka, liweke pembeni. Mimi nitakuja kulinunua.